Nilivyolisaka jedwali lililojaza diski

Usiku ule diski ya seva ilikuwa imebakiwa na gigabaiti 2. Mfumo ni wa ghala la dawa, kanzidata yake (hazina ya taarifa) inaendeshwa na programu ya PostgreSQL, na mzee mwenye ghala hakuacha kunipigia: "Mwanangu, kesho tutauza?"

Nikaingia kwenye folda ya data, nikafungua folda iitwayo base, kisha folda ya kanzidata yetu. Hamna jina la jedwali hata moja humo, ni namba tupu. Moja ilinishtua: 24631, 24631.1, 24631.2, hadi 24631.37. Jedwali likifika gigabaiti 1, PostgreSQL huendelea kuliandika kwenye faili nyingine, kwa hiyo lundo lote lile ni jedwali moja. Mkono uliniwasha nifute. Namshukuru Mungu sikufuta, maana ningeiharibu kanzidata.

Nikaiuliza kanzidata yenyewe, kwenye orodha inayojiwekea ya majedwali yake:

SELECT relname FROM pg_class WHERE relfilenode = 24631;

Ikajibu jina la jedwali: sesheni. Kuhesabu rekodi kulichukua dakika nyingi, na jibu likawa 312. Gigabaiti 38 kwa rekodi 312!

Nikachukua rekodi moja, nikaomba ctid yake, yaani anwani yake: (4871203,17). Ukurasa wa 4871203, nafasi ya 17. Kila ukurasa una kilobaiti 8, kwa hiyo faili ya gigabaiti 1 hubeba kurasa 131072. Nikagawanya, nikapata 37 na baki. Rekodi yangu ilikuwa ndani ya 24631.37. Nilifurahi kama aliyeonyeshwa mlango wa nyumba aliyoitafuta mtaa mzima.

Nikaihariri, nikaomba anwani tena: (4871203,18). Imehama! Kumbe PostgreSQL haiandiki juu ya maandishi ya zamani. Huandika nakala mpya pembeni, ya zamani ikabaki ikisubiri kufagiliwa. Na kilichozuia ufagiaji nilikipata kwenye pg_stat_activity, orodha ya miunganisho iliyo wazi: muunganisho wa ripoti uliofungua muamala (kazi moja ya kanzidata) wiki tatu nyuma na kuuacha wazi, na nakala ambazo muamala huo bado ungeweza kuzihitaji hazifagiliwi.

Nikaukata, kisha nikaendesha VACUUM FULL kwenye sesheni. Amri hiyo hunakili rekodi hai tu kwenye faili mpya, kwa hiyo gigabaiti 2 zilitosha na zikabaki. Nilipoangalia tena kwa pg_relation_filepath, inayoonyesha faili ya jedwali, namba ilikuwa 31877, faili ya kilobaiti 56.

Saa kumi na moja alfajiri nikampigia mzee: "Shikamoo. Fungueni, mtauza."