Siku moja maishani mwangu: kupandisha treni ya Mariazell kwenye mlima wa plaiwudi

Saa 12:10 asubuhi

Chai ya rangi, tangawizi nyingi, nainywa nimesimama dirishani. Hapa St. Pölten, Austria, dirisha la jikoni kwangu linatazama reli, na kabla sijaosha kikombe treni ya dhahabu ya kwenda Mariazell huwa imeshapita. Wanaiita Himmelstreppe, yaani Ngazi ya Mbinguni, na inafanya kazi tangu 2013. Ninayoijenga mimi ni njia hiyohiyo, ila ya mwaka 1965, na injini yake inaenea kiganjani.

Mimi ni seremala. Huu ni mwaka wangu wa tisa Austria, na wa nne katika karakana ya mzee mmoja anayejenga reli za mfano kwa oda. Wageni hudhani tunatengeneza midoli. Nikiwaonyesha daftari langu la vipimo wananyamaza.

Njia ya Mariazell ina upana wa milimita 760 kati ya reli mbili. Reli ya Kati niliyokulia kando yake Morogoro ina milimita 1,000, na tangu SGR ije na milimita zake 1,435, watu wanaiita nyembamba. Huku milimani wembamba ndio uliowaokoa. Njia nyembamba inakubali kona kali, na kona kali zinakupunguzia madaraja na mahandaki, kwa hiyo mabonde ambayo yasingepata reli kabisa yakapata. Kipimo hiki kilienea sana Bosnia enzi za ufalme wa Austria na Hungaria, ndiyo maana wapo wanaokiita kipimo cha Bosnia mpaka leo. Reli za Zillertal, Pinzgau na Murtal ni 760 vilevile.

Sisi tunajenga kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Gawanya 760 kwa 87 unapata milimita 8.7. Reli za madukani zina milimita 9. Ile sehemu ndogo iliyozidi nimeshaisamehe.

Saa 1:30 asubuhi

Mzee amefika kabla yangu, kama kawaida. Ananionyesha kwa kidole ubao wa tatu bila kusema neno, maana yake kokoto za pale ni zangu leo.

Kutoka St. Pölten mpaka Mariazell ni kilomita 84. Kwa kipimo chetu ingekuwa karibu mita 965 za reli, na karakana nzima ina urefu wa mita 9. Kwa hiyo mwanzoni kabisa tulikaa na mteja tukakata. Tukabaki na stesheni ya Laubenbachmühle na mpando unaoanzia hapo, mahali bonde linapokwisha na treni haina budi kupanda. Reli inajikunja, inarudi ilikotoka, inajikunja tena, kila mara iko juu zaidi kwenye ubavu uleule wa mlima. Watalii wanapiga picha wakidhani ni pambo. Ni hesabu tu. Mwinuko mkubwa kule ni 28 kwa elfu, yaani kila mita moja unapanda milimita 28, na ukitaka kufika juu bila kuuzidi ni lazima uirefushe njia. Mlima haukupi nafasi ya kuirefusha isipokuwa kwa kuzungukazunguka.

Hesabu hiyohiyo inatubana sisi. Ili reli ya juu iipite ya chini kwa sentimita 11, treni na waya wake vipenye, nahitaji mita 4 za mpando. Na kutoka Laubenbachmühle mpaka ndani ya handaki la Gösing, ambako njia inafika mita 892 juu ya usawa wa bahari, kuna zaidi ya mita 350 za kupanda. Kwa kipimo chetu ni mita 4 kwenda juu, na dari letu liko mita 2.7. Tukaufupisha mlima. Mwinuko hatukuugusa, kwa sababu mteja aliomba treni ipande kwa jasho lilelile.

Saa 3:00 asubuhi

Kokoto. Kazi hii ndiyo naipenda kuliko zote.

Unamwaga mawe yaliyosagwa, madogo kama chenga za mchele, katikati ya reli mbili. Unayasambaza kwa brashi laini ya rangi, kisha unagonga reli taratibu kwa mpini wa brashi hiyohiyo mpaka mawe yashuke kati ya mataruma, vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli. Hakuna jiwe linaloruhusiwa kubaki juu ya taruma. Linaloegemea ubavu wa ndani wa reli ni baya zaidi, maana gurudumu litalipanda na behewa litaanguka. Ukisharidhika unanyunyiza maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo. Bila sabuni, maji yanajikusanya kama shanga juu ya vumbi na kuyasukuma mawe uliyoyapanga nusu saa nzima. Mwisho unadondosha gundi ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, tone kwa tone, mpaka uone weupe umejaa kati ya mawe. Kesho yake weupe umepotea na kokoto zimeshikana kama zege.

Kwa saa mbili nimemaliza sentimita 90. Nikigeuza kwa kipimo, nimemwaga kokoto kwenye mita 78 za reli. Gengi la baba yangu, mafundi wa njia ya reli, lingenicheka kwa upendo.

Saa 5:15 asubuhi

Mzee alikuwa upande wa pili anafunga waya wa juu. Njia hii ilifika Mariazell mwaka 1907 ikiwa ya mvuke. Mahujaji wa kwenda kanisa la Mariazell wakawa wengi, mizigo ikaongezeka, injini za mvuke zikaelemewa, na mwaka 1911 njia ikaanza kuendeshwa kwa umeme: volti 6,500, hezi 25. Mwenyewe bado nashangaa walivyothubutu kufanya hivyo mapema namna ile, tena kwenye njia nyembamba ya milimani. Mhandisi aliyeusimamia umeme huo ni Eduard Engelmann, ambaye ujanani alikuwa bingwa wa Ulaya wa kuteleza kwenye barafu mara tatu, na mwaka 1909 alishajenga Vienna uwanja wa barafu ya kutengenezwa. Mtu aliyegandisha maji kwa mashine akiambiwa apandishe treni kwa umeme wa maporomoko ya maji, naona hakushtuka sana.

Waya wa kweli ukipunguzwa mara 87 unakuwa mwembamba kama unywele na hauwezi kushika. Sisi tunatumia wa milimita 0.3, na Mzee anaulehemu kwenye nguzo kwa tone la risasi dogo kuliko kichwa cha kiberiti, pumzi ameizuia.

Akasema, "Binti, leta treni tujaribu."

Injini ni ya aina ya 1099, ya kijani. Za kweli zilikuwa 16, mabodi yao yakabadilishwa kati ya 1959 na 1962, na zikaendelea kuvuta mpaka 2013. Nikaifunga mabehewa sita na kuiweka kwenye mwendo wa sentimita 10 kwa sekunde, ambao kwa ukubwa wa kweli ni kama kilomita 30 kwa saa. Ikatoka stesheni vizuri, ikachukua kona ya kwanza, ikapita daraja la mawe. Kwenye kona ya pili magurudumu yakaanza kuzunguka pale pale na treni nzima ikasimama.

Nikasafisha reli kwa spiriti. Ikasimama. Nikapima umeme kwa mita: hakuna shoti, umeme unafika. Nikatoa behewa moja, ikapanda kwa shida. Nikalirudisha, ikasimama tena, mahali palepale, karibu na nguzo ya saba.

Mzee alikuwa ananitazama. "Kona inakula nguvu," akasema. "Wahandisi wa kweli wakifika kwenye kona hulegeza mwinuko kidogo. Wewe umelegeza?"

Nililegeza. Kwenye kona ile nimeandika 25 badala ya 28, liko daftarini. Sikuelewa.

Saa 7:00 mchana

Mkate, jibini, na simu Morogoro.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Hujambo? Huko baridi?"

Baba alifanya kazi kwenye gengi la Reli ya Kati mpaka alipostaafu. Kazi yangu anaielewa kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu. Akaniuliza nimefikia wapi, nikamweleza habari ya treni kugoma.

"Inagoma mahali pamoja tu?"

"Palepale kila mara."

"Basi muache dereva, muache na injini. Lala chini uitazame njia. Sisi tulikuwa tunaweka shavu juu ya reli, tunafumba jicho moja. Njia ikiwa na bonde inakuonyesha yenyewe."

Saa 7:40 mchana

Nikapanda juu ya kigoda, nikalaza shavu kwenye plaiwudi, nikafumba jicho moja.

Nikaliona. Pale bao mbili zinapoungana reli ilikuwa inazama kidogo kisha inanyanyuka. Ukisimama huoni kitu. Nikaweka rula ya chuma: milimita 2. Inaonekana ndogo, lakini ili kutoka kwenye lile bonde treni ilipaswa kuzipata milimita 2 za ziada ndani ya sentimita 20. Mahali hapo palipaswa kupanda milimita 5. Palikuwa panapanda 7. Hiyo ni 35 kwa elfu, na iko katikati ya kona.

Kosa ni langu. Wiki iliyopita nilikaza skrubu za ule muungano gundi ikiwa mbichi, ubao ukavutwa chini, nami nikamwaga kokoto bila kurudisha pimamaji. Nikamwambia Mzee hivyohivyo. Akaitikia kwa kichwa, akanipa kabari.

Kulirekebisha ilikuwa lazima nivunje kazi ya jana. Gundi ya mbao inalainika kwa maji, kwa hiyo nikalowesha kokoto, nikasubiri, nikazikwangua kwa kijiko. Nikalegeza skrubu mbili chini ya ubao, nikaingiza vipande vyembamba vya mbao kimoja baada ya kingine, kila mara narudi kulaza shavu. Nilipanda na kushuka kigoda kile sijui mara ngapi. Kipande cha nne ndicho kilichoinyoosha njia.

Treni ikapanda na mabehewa sita. Nikaongeza la saba, ikapanda.

Saa 10:00 jioni

Mteja amekuja na fimbo yake. Ni dereva mstaafu. Alianza kazi kwenye njia hii akiwa kijana, kwenye hizi injini za kijani. Hakuketi. Alisimama mbele ya mlima mpaka treni ikapita mara mbili, halafu akaiegemeza fimbo ukutani, akainama polepole, akaweka uso sawasawa na reli ya juu, akafumba jicho moja.

Nilitamani baba angeona.

"Hapa," akasema, akionyesha kona ya pili, karibu na nguzo yangu ya saba, "nilikuwa nachungulia dirishani. Kila safari. Unaona chini kule paa la stesheni uliyotoka, na mtu wa stesheni ni mdogo kama sisimizi." Akatazama kitambo. "Silioni."

Nikainama kando yake. Kweli, paa halikuonekana. Nilikuwa nimepanda misonobari pale, miti ya waya uliosokotwa kama brashi ya kusafishia chupa, kazi ya siku mbili, mizuri sana, na ilikuwa imesimama kati ya kona na stesheni.

Niling'oa mitatu. Akatikisa kichwa. Nikang'oa wa nne.

"Sasa irudishe treni," akasema, "na uipandishe taratibu."

Saa 12:05 jioni

Mzee amezima taa za upande wake. Mashimo manne ya miti nitayaziba kesho, na zile sentimita 20 za kokoto. Nimemtumia baba picha iliyopigwa kutoka usawa wa reli, paa la stesheni likionekana chini. Amejibu akiuliza kama tumeweka mtu wa stesheni. Bado. Nitamchonga Jumatano.