Napima jina kwanza: miezi mitano ya mito ya kanga

Februari, wiki ya kwanza

Nimeanza. Mchana naandika vitabu vya stoo Kurasini, jioni na Jumapili ni zangu. Meza ya chakula hapa Tabata, Dar es Salaam, imegeuka meza ya kukatia. Mtaji ni laki mbili na nusu, zamu yangu ya upatu wa kazini, na nimeapa sitaongeza hata mia kutoka kwenye mshahara.

Wazo lenyewe ni dogo. Kila sebule ninayoingia mjini hapa ina mito yenye maneno ya Kiingereza kuhusu nyumba na upendo. Inaniuma, maana sisi tuna kitambaa kinachobeba maneno. Bibi zetu wamesemeshana kwa kanga, wameombana radhi kwa kanga, wamenuniana kwa kanga. Nataka maneno hayo yakae kwenye makochi yetu.

Februari, wiki ya pili

Nimeharibu doti la kwanza. Nilikata foronya za mraba, sentimita 45 kwa 45, kipimo ambacho fundi cherehani wangu amekizoea. Kanga ilikuwa ya "Japo sipati tamaa sikati". Baada ya kukata ndipo nikapima lile jina, yaani maneno yaliyoandikwa: sentimita 62 kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Kwenye mto likabaki "o sipati tamaa sik". Fundi akaniambia kwa upole, "Dada, kitenge unakata popote. Kanga ina kichwa na miguu."

Amesema kweli. Kitenge hakina pindo wala jina, unapima yadi zako na kuendelea. Kanga ni picha iliyokwisha kupangwa: pindo pande zote nne, mji, yaani uwanja wenye michoro, katikati, na jina limekaa juu kidogo ya pindo la chini. Ukiikata bila kuisoma umeiharibu.

Februari, mwisho wa mwezi

Jumamosi Mtaa wa Uhuru, kutoka duka hadi duka, na futi kamba mkononi. Muuzaji mmoja alinitazama nikipima herufi badala ya kitambaa, akauliza, "Anti, unanunua kanga au unanunua barua?" Nilipomweleza, akaanza kunisaidia. Alikuwa akikunjua doti na kunisomea: hili fupi, hili refu, hili hata mezani kwako halitoshi. Nikaondoka na madoti manne. "Wema hauozi" ni sentimita 38, linaingia kwenye mto wa mraba bila shida. Marefu nimeyaamulia mto wake wa peke yake, 70 kwa 40, ule wa kuegemea kiuno.

Machi

Hapa nilikaa majuma mawili na ninajivunia nilichokipata, kwa hiyo nakieleza kwa kirefu.

Kanga moja kati ya ninazonunua ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na sentimita 10. Ukichukua mto mrefu wenye jina pamoja na pindo lake la chini, unapanda mpaka sentimita 43, na hapo unakuwa umelikata ua la katikati. Ukitaka ua zima, unalipoteza pindo. Kwenye kanga moja lazima uchague. Lakini kanga inauzwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana, na jibu lilikuwa humo humo.

Kipande cha kwanza kinatoa mto mrefu: jina, pindo, na sehemu ya mji. Kipande cha pili kinatoa mto wa mraba wenye ua kamili katikati. Na jina la kipande cha pili? Linabaki kama ukanda mwembamba chini ya ule mraba, zima, herufi hazijaguswa. Kwa siku kadhaa zile kanda zilikuwa zinarundikana kwenye kapu. Sikuwa na moyo wa kuzitupa.

Mapindo ya pembeni nayafanya vitambaa vya kuwekea vikombe. Nyuma ya mito naweka amerikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi.

Machi, usiku mmoja wa hesabu

Mhasibu wa stoo za watu nilikuwa sijapiga hesabu ya stoo yangu. Doti 12,000. Kushona mito miwili 6,000. Zipu mbili 1,000. Amerikani 3,000. Vijazo viwili 9,000. Jumla 31,000. Nilikuwa nauza kila mto 15,000, yaani 30,000 kwa doti. Nimeuza jozi sita kwa wafanyakazi wenzangu, na kila jozi nimewaongezea elfu moja kutoka mfukoni kwangu, bila kuhesabu nauli ya mwendokasi wala bodaboda wa kupeleka mzigo.

Nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Bei ya 15,000 niliichukua kwa sababu ndiyo bei ya mto wa kawaida uliopangwa barabarani, na niliogopa kuambiwa naringa. Kuanzia kesho mto mrefu ni 25,000 na wa mraba 20,000. Atakayeona ghali nitamweleza ninavyokata.

Aprili, mvua

Masika yamenifundisha mambo mawili.

La kwanza ni rangi. Mama mmoja wa Sinza alinunua mito miwili ya kanga nyekundu, dirisha likaachwa wazi, mvua ikapiga, wekundu ukahamia kwenye kochi lake la rangi ya maziwa. Nilikwenda mwenyewe na fundi wa kusafisha makochi, nikalipa. Tangu siku hiyo hakuna kanga inayokatwa kabla haijalowekwa usiku kucha na kufuliwa mara mbili. Nyingine inatoa maji kama ya rosela mpaka mara ya nne. Ikikauka, nalowesha kona, naweka kitambaa cheupe juu na kupiga pasi ya moto. Cheupe kikitoka na doa, narudia. Kufua huko kunaondoa wanga na kuirudisha kanga kidogo: nimepima, ile ya mita moja na nusu ilipungua sentimita 3. Bora irudi kwangu kuliko irudi ikiwa tayari ni foronya kwa mteja.

La pili ni harufu. Vijazo vyangu ni mabaki ya sponji kutoka kwa watengeneza makochi wa Keko, yaliyokatwakatwa. Bei nzuri, ila niliviweka sakafuni ndani ya mifuko ya nailoni, na joto hili la pwani na unyevu wake vikafanya ukungu. Mito minane imetupwa. Sasa viko juu ya chaga ya mbao, ndani ya magunia yanayopitisha hewa.

Aprili, Jumapili ya mwisho

Leo shangazi alikuja kutoka Magomeni kuona kazi. Nilikuwa nimepanga mito yote kwenye kochi ili aone vizuri. Hakukaa. Alisimama akisoma, kisha akaunyanyua ule wa "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu" na kuuweka juu ya kabati.

"Mwanangu, mgeni akija atakaa juu ya jina la Mungu?"

Nikamwambia, nakuheshimu shangazi, lakini kina mama wanavaa kanga hiyo hiyo kiunoni na kuikalia. Akasema anayeivaa ameifunga mwenyewe na anajua imelala wapi. Mto anaukalia mtoto, anaukalia mlevi, anaulalia paka. Sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo majina yote yenye Mungu au Mola hayaingii tena kwenye mito. Na hapo ndipo nikalikumbuka kapu langu la kanda. Majina hayo yanakwenda ukutani.

Mei

Fremu ya kwanza: 75 kwa 20, mbao nyembamba, kioo mbele, ukanda wa jina umebandikwa kwa pasi juu ya kitambaa chenye gundi ili usijikunje. Seremala ananitoza 7,000 pamoja na kioo. Nauza 22,000. Kile nilichokuwa nakiona mabaki sasa ndicho chenye faida kubwa kuliko yote mezani: doti moja linanigharimu 38,000 na kuingiza 67,000. Ile "dereva ni Mungu" shangazi ameitundika mlangoni kwake, juu ya swichi ya taa.

Fremu pia ndizo zilizonifungulia kicheni pati. Dada mmoja wa kazini aliagiza fremu kumi na mbili, moja kwa kila mwanakamati, na mto mmoja mkubwa kwa bibi harusi. Siku tisa tu. Umeme ulikatika usiku wa tatu, fundi akamalizia kwa cherehani ya miguu ya jirani yake. Tulifikisha ukumbini saa moja kabla ya shughuli.

Katika oda ile nilijifunza kuuliza swali ambalo sikuwa nauliza: mto huu unakwenda kwa nani, na nani anaingia katika nyumba hiyo? Kanga ina mafumbo. Mteja mmoja alipenda rangi ya "Usisafirie nyota ya mwenzio", akamnunulia kaka yake aliyeoa karibuni. Wifi mtu alipousoma akaamini ameandikiwa yeye. Mteja alinipigia simu analia. Niliubadilisha bila malipo kwa "Mgeni njoo mwenyeji apone", na sasa maneno makali nayauza kwa anayejinunulia mwenyewe. Zawadi inapewa maneno laini.

Juni

Makaratasi. Jina la biashara nimelisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwenye mfumo wao kwa kutumia namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. TIN, namba ya mlipakodi ya TRA, haina malipo. Leseni inatoka Halmashauri ya Jiji, ndiyo inayosimamia Ilala iliko Tabata. Nimefungua na lipa namba, ya kupokelea malipo ya biashara peke yake, maana fedha za mito zilikuwa zinaingia simuni kwangu pamoja na hela za luku na za mchango wa harusi, na mwisho wa mwezi sikuweza kusema ipi ni ipi.

Fundi sasa namlipa kwa kila mto na pia kila anapochelewa nyumbani kwa ajili yangu. Ana jicho: juzi alinionyesha kwamba nikiligeuza pindo la pembeni linakuwa ukingo mzuri wa nyuma ya mto, na amerikani inapungua. Tumeokoa kama 1,000 kwa doti.

Mpaka leo nimekata madoti 31. Upatu wangu umerudi, na juu yake nina vijazo, vitambaa na fremu tisa ambazo hazijauzwa.

Julai

Ukungu wa Aprili haujanitoka moyoni. Shangazi anasema wao walilalia sufi, ile pamba ya mti wa msufi, na hawakujua harufu hiyo. Sufi haishiki maji, nyuzi zake zina kama nta, ndiyo maana zamani iliwekwa hata kwenye maboya ya kuogelea. Tatizo lake inapeperuka: ukifungua gunia sebule nzima inavaa weupe, na baada ya muda inajikusanya madonge.

Ametafuta gunia moja kwa ndugu zake Bagamoyo, limefika kwa basi jana. Nilijifungia chumbani na feni imezimwa, leso usoni, nikajaza miwili ndani ya foronya za amerikani zilizoshonwa mara mbili. Mingine miwili nimeijaza sponji ile ile ya Keko. Yote minne iko sakafuni chini ya dirisha la jikoni, mahali penye unyevu kuliko pote nyumbani, kila mmoja na tarehe yake. Nitaifungua vuli ikianza.