Akala za Guka

Mei 2017, masika yakiwa hayajakatika, Guka, yaani babu, wa jirani yetu aliingia Msitu wa Ngong Road saa kumi alasiri bila kumuaga mtu. Akili yake ilikuwa imeanza kupoteana. Alikuwa akimwita mwanawe wa kiume kwa jina la ndugu yake aliyefariki zamani. Watu walipogundua hayupo, mvua ya saa moja jioni ilikuwa imeshapiga na giza limetanda. Mtaa mzima ukamiminika msituni na tochi za simu, ukiita. Nia ilikuwa njema, lakini kufikia alfajiri njia ya kuingilia ilikuwa imevurugwa kama zizi la ng'ombe.

Mimi nilikuwa mgeni katika kikundi cha kujitolea cha uokoaji. Mwalimu wetu tulimwita Mzee tu, askari mstaafu wa wanyamapori aliyekuwa amefuata nyayo za majangili Tsavo kwa miaka mingi. Alipofika hakuelekea msituni. Alimuuliza mama mwenye nyumba, "Mara ya mwisho mlimwona wapi?"

"Hapo nyuma ya jikoni, akinawa mikono."

Chini ya upenu, mahali mvua haikufika, tulikuta alama mbili safi kwenye udongo mwekundu. Mzee akaomba karai, akaifunikiza moja ili kuku na watoto wasiikanyage, kisha akanichuchumalisha kwenye ya pili. Guka alivaa akala, viatu vya matairi, na fundi aliyezikata alitumia matairi mawili tofauti. Ya kushoto ilikuwa na mistari ya kupinda-pinda, ya kulia ilikuwa kipara, yenye kichwa cha msumari karibu na kisigino. Nikapima urefu, upana wa mbele na upana wa kisigino, nikachora kila kitu daftarini pamoja na ule msumari. Akala ziko nyingi Nairobi, ila jozi yenye kushoto ya mistari na kulia ya kipara haikuwa ya mtu mwingine.

Halafu Mzee akawatoa watu wote msituni, akawapanga mstari, akaamuru: "Inueni mguu mmoja mmoja, nione soli." Watu wakacheka, mama mmoja akalalamika kwamba yeye hakuja kuuza viatu. Lakini ndivyo tulivyojua gambuti hizi ni za nani na patapata zile ni za nani, tukaziondoa kwenye hesabu. Sijaona kazi ya uokoaji inayodharauliwa kuliko hiyo.

Tulikwenda watatu. Mzee alitangulia macho chini, mimi kushoto na dada mmoja kulia, hatua kidogo nyuma yake, na hakuna aliyeruhusiwa kupita alama ya mwisho iliyothibitishwa. Fimbo yake ilikuwa na mipira miwili ya kufungia noti. Mmoja uliwekwa penye urefu wa unyayo, wa pili penye urefu wa hatua, kisigino hadi kisigino, ambayo kwa Guka ilikuwa fupi, kama sentimita hamsini hivi. Alama ikipotea, Mzee aliweka ncha ya fimbo kwenye kisigino cha mwisho, akaizungusha taratibu mbele kama nusu duara. Hatua inayofuata lazima iwe karibu na pale mpira wa pili unapopita. Mara nyingi hakukuwa na unyayo kamili. Kulikuwa na ukingo wa kisigino tu, au jani la mti wa mukinduri lililogeuzwa, upande wenye unyevu ukitazama juu, au tundu dogo la mkongojo kando ya mguu wa kulia.

Jua la asubuhi lilitusaidia sana. Likiwa chini, kila kishimo kina kivuli, ilmradi alama iwe kati yako na jua. Nilijaribu kuitazama jua likiwa mgongoni mwangu, na ardhi ikawa tambarare kabisa, kana kwamba Guka hakupita hapo.

Mvua nayo ikawa saa yetu. Nyayo za mwanzo zilikuwa na vitobo vya matone ndani yake, maana yake alipita kabla ya saa moja. Mahali penye uwazi, pasipo na mti wa kudondosha maji baadaye, tukakuta ya kushoto, mistari yake imekaa vizuri juu ya udongo wenye vitobo. Mzee akaguna. Guka alikuwa ametembea baada ya mvua, gizani, huku watu wakimwita.

"Kwa nini hakuitikia?" niliuliza.

"Mtu wa hali hii mara nyingi haitiki. Wala hageuki nyuma. Huenda mbele mpaka akwame."

Mbele kidogo palikuwa na gogo ambalo kuvu lake limechubuliwa, na chini yake mikwaruzo miwili ya visigino. Alikuwa ameketi. Baada ya hapo hatua zikafupika tena na akala ya kulia ikaanza kuburuta ncha, ikiacha mfereji mwembamba kwenye tope. Mzee akapeleka ujumbe kwa redio, blanketi na machela viletwe upande wa barabara ya Southern Bypass, kwa sababu hatua zile hazikuwa za mtu wa kufika mbali.

Tulimkuta amenasa kwenye kichaka cha miiba, koti la mvua limeshikwa, amekaa kitako, anatetemeka. Alitutazama kwa hasira.

"Mmechelewa. Matatu iko wapi?"

"Inakuja, Guka," Mzee alimjibu, akivua koti lake. "Tulikuwa tunakutafutia kiti cha mbele."

Akakubali kubebwa. Hospitalini walimpasha joto na kumtundikia dripu, na baada ya siku chache akarudi nyumbani.

Jumamosi iliyofuata Mzee alinitafuta. Akanitembeza kwenye uwanja wetu, kwanza mikono mitupu, kisha nikiwa nimebeba ndoo ya maji, nione jinsi hatua zinavyofupika na kisigino kinavyozama. Akaniagiza nikanyage alama mpya asubuhi, adhuhuri na jioni, nizikague zinavyozeeka, kingo zikimomonyoka na umande ukizigusa. Mama yangu alivumilia hadi Jumatano, ndipo akanipa ufagio.