Idi kwa Kanzu ya Kuazima

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Jumanne jioni nilipita kwa jirani yetu mmoja hapa mtaa wa Oli, Arua, Uganda, kununua nyanya. Nikamkuta amekaa mlangoni, kibanda amekifunga mapema. Nikamwuliza maandalizi ya Idi yamefikia wapi. Akajibu, "Ustadhi, Idi hii mimi naipisha tu. Watoto nitawapeleka kwa bibi yao, nifunge mlango, siku ipite." Mtaji wake wote uliishia hospitali alikomuuguza mtoto. Alisema kwa sauti ya chini, macho yake chini, kama mtu anayekiri kosa.

Neno lile "naipisha" limenikaa kifuani tangu siku hiyo. Nimelijua kwa sababu nami niliwahi kulitia moyoni.

Idi ya kuchinja ya mwaka 2021 iliangukia tarehe 20 Julai. Wengi wenu mnakumbuka hali ilivyokuwa: nchi imefungwa tangu Juni kwa siku 42 kwa sababu ya korona, misikiti imefungwa, magari hayaruhusiwi kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Siku tisa kabla ya Idi hiyo tulimzika Baba. Tulikuwa watu wachache tuliosimama mbalimbali, hata mkono wa pole hatukupeana. Kaka yangu alikuwa Kampala. Basi hakuna, njia hakuna, akabaki ng'ambo ile ya Nile akiyafuata maziko ya baba yake kwa simu. Na yule mbuzi ambaye Baba alimfuga tangu Ramadhani, akimkatia majani kwa mkono wake kwa ajili ya Idi, tulikuwa tumeshamuuza tulipe dawa.

Usiku wa kuamkia Idi nilisikia takbira kwenye redio ya jirani, nikaamka nikafunga dirisha. Nasema kweli mbele ya Allah: sikutaka kuisikia.

Asubuhi nikamkuta Mama uani. Alikuwa ndani ya eda, hana rangi, hana manukato, kajifunga kitambaa cheupe. Amewasha pasi ya makaa na ananyoosha kanzu ya Baba. Nilidhani huzuni imemzidi. Aliinyoosha kola polepole, akapuliza majivu yasidondoke kwenye kitambaa, akageuza mikono yote miwili. Kisha akainyanyua kwa mabega na kunipa. "Vaa. Watu wanangoja kuswalishwa."

Watu wenyewe walikuwa yeye, mke wangu, dada zangu wawili na watoto. Kanzu ilinibana makwapani na ilinukia udi wake bado. Tukatandika mikeka chini ya mwembe. Rakaa ya kwanza nikazitimiza takbira saba. Rakaa ya pili nikafika ya tatu, sauti ikakataa kutoka. Nyuma yangu mtoto wa dada yangu, ana miaka sita tu, akaipokea mwenyewe: "Allahu akbar." Nikapata nguvu, nikamalizia.

Baadaye sana, nikiwa nimetulia, ndipo nilipoisoma upya hadithi ya Ummu Atiyya, radhi za Allah ziwe juu yake, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Anasimulia kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, aliamrisha wanawake wote watolewe siku ya Idi: wasichana waliokaa ndani, hata wenye hedhi ambao hawaswali, wakae pembeni wahudhurie heri na dua ya Waislamu. Ummu Atiyya akauliza: ewe Mtume wa Allah, na mmoja wetu asiye na jilbabu, vazi la kujifunika anapotoka? Akamjibu: mwenzake amvishe katika jilbabu yake.

Tazameni swali hilo. Ni swali la umaskini kabisa, na ni swali la jirani yangu: sina cha kuvaa, nitatokaje? Mtume angeweza kusema, asiye nacho ana udhuru, abaki nyumbani. Hakusema hivyo. Aliyekosa hakuondolewa katika Idi. Mzigo ulihamishwa ukawekwa juu ya yule mwenye jilbabu. Wahenga wetu waliidharau nguo ya kuazima, wakasema haisitiri. Mtume ameifanya nguo ya kuazima kuwa vazi la Idi.

Na kuhusu huzuni, iangalieni Idi ya kwanza yenyewe. Ilikuwa mwaka wa 2 Hijria, baada ya Badri. Vita ile ilikuwa tarehe 17 Ramadhani. Mtume alipotoka Madina alimwacha binti yake Ruqayya mgonjwa, na mumewe Uthman akabaki kumuuguza kwa amri yake. Wasimulizi wa sira wanasema kwamba Zayd bin Haritha aliingia Madina na habari za ushindi wakati watu wanasawazisha udongo juu ya kaburi la Ruqayya. Mtume hakumzika mwanawe. Alikuwa mbali. Hazikupita wiki mbili, mwezi wa Shawwal ukaandama, na Idi ya kwanza katika Uislamu ikaingia katika nyumba iliyotoka kuzika.

Niliposoma hayo nilimpigia kaka yangu simu usiku ule ule. Miaka yote hii amebeba lile la kutokumzika Baba kama deni. Nikamwambia, aliye bora kuliko sisi sote naye hakufika kwenye kaburi la mtoto wake siku ile, na Idi akaipokea. Kaka alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Rudia tena."

Sasa nirudi kwa jirani, kwa sababu lake yeye ni la nyama, na nyama ndiyo inayowaadhibu wengi wakati huu. Mbuzi amepanda bei, ada za shule zinasubiri, na watoto wanasikia harufu ya pilau ya nyumba ya pili. Baba wa nyumba anaona aibu kuliko anavyoona njaa. Nimeshuhudia watu wakiweka rehani pikipiki ya kazi kwa mkopeshaji wa riba ili wachinje. Ndugu zangu, hili halifai hata kidogo. Kutafuta radhi za Allah kwa riba ni kubomoa nyumba kwa mkono wa kulia huku wa kushoto unajenga.

Katika madhehebu yetu ya Shafi'i kuchinja ni sunna iliyotiliwa mkazo, na ni kwa mwenye uwezo. Imepokewa kwamba Abubakar na Umar, radhi za Allah ziwe juu yao, kuna wakati waliacha kuchinja makusudi, wakichelea watu wasije wakaona ni wajibu. Sahaba Abu Ayyub al-Ansari aliulizwa udhiya, yaani mnyama wa kuchinja wa Idi, ilikuwaje zama za Mtume, akasema mtu alikuwa akichinja mbuzi mmoja kwa ajili yake na watu wa nyumbani kwake, wakila na kulisha, mpaka watu walipoanza kujifakharisha. Hilo la kujifakharisha amelisema sahaba, na bado linatuhusu sisi tunaopiga picha ya ng'ombe na kuisambaza kabla hajachinjwa.

Lakini hadithi ninayotaka asiyekuwa na kitu ailaze chini ya mto wake ni ya Jabir, katika Abu Daud na Tirmidhi. Mtume aliswalisha Idi, akateremka kutoka mimbari, akaletewa kondoo dume, akamchinja kwa mkono wake. Akasema: Bismillahi, wallahu akbar, huyu ni kwa niaba yangu na kwa niaba ya kila asiyechinja katika umma wangu.

Kila asiyechinja. Wewe mama wa nyanya wa Oli umo. Sisi tuliomuuza mbuzi wa Baba tulikuwemo. Zaidi ya miaka 1,400 kabla sufuria yako haijakosa nyama, Mtume wako alikwisha kukuwekea nia.

Allah naye ametuambia katika Suratul Hajj, aya ya 37, kwamba nyama za wanyama hao hazimfikii wala damu zao. Kinachomfikia ni ucha Mungu wenu. Nchi yetu inalijua hilo kwa machungu. Mwaka 1876 vijana Waislamu wa ikulu ya Kabaka Muteesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, waliuawa Namugongo, na katika yaliyowaponza ni kwamba waliikataa nyama ya ikulu kwa sababu ya dini yao. Waliiacha minofu ya mfalme wakabaki na taqwa.

Kwa wale waliojaliwa kuchinja mwaka huu, nina ombi moja, na naliomba kwa msisitizo. Msingoje mpaka jioni, mmekwisha kula na kualikana, ndipo mtoto atumwe na kaveera, mfuko wa plastiki, ya mifupa na utumbo. Nyumba isiyochinja inajua saa. Inasikia visu asubuhi, inahesabu. Pelekeni mapema, pelekeni nyama ambayo ninyi wenyewe mngeipika, na apeleke mtu mzima, aingie, aseme Idi Mubarak, akae kidogo. Mwaka ule wa 2021 mzee mmoja wa mtaa alitugongea geti saa nne asubuhi, barakoa usoni, mkononi paja zima la mbuzi limefungwa katika majani ya mgomba. Alisimama mbali akasema, "Hii ni ya rafiki yangu," akimaanisha Baba. Mama alilipika siku ile ile, na tukala.

Jana baada ya Isha mke wangu alikwenda kwa yule jirani na jilbabu mbili, ya kijani na ya kahawia, akamwambia achague atakayoivaa uwanjani. Alikataa mwanzo. Akachukua ya kahawia. Watoto hawaendi tena kwa bibi yao. Mimi kanzu ya Baba imeshakuwa ndogo kabisa, lakini yule mtoto aliyeipokea takbira chini ya mwembe ameanza kurefuka, na Mama leo ameitoa sandukuni, amekaa nayo uani, anaukunja upindo wa chini kwa sindano, apunguze kidogo.