Kabla Mpira Haujamfikia: Kusaka Mabinti wa Soka Nyanda za Juu Kusini

UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na ya sekondari, zikifika ngazi ya wilaya, pembeni mwa viwanja vya Mbeya, Iringa na Njombe huwa hawakosi watu wenye daftari. Ukichungulia walichoandika, mara nyingi ni hiki: jezi namba 9, magoli manne. Basi, msako umeisha. Huyo hata mama muuza karanga angekuonyesha, tena bila daftari.

Namba 9 huenda mpira anaujua kweli. Shida ni kwamba kati ya miaka 12 na 14 mabinti hawajalingana miili hata kidogo. Msichana hurefuka kwa kasi kubwa zaidi akiwa karibu na miaka 12, takriban miaka miwili kabla ya mvulana, na kwenye kilele hicho anaweza kuongeza sentimita 8 kwa mwaka mmoja. Lakini hiyo ni wastani tu: kuna aliyepitia hapo akiwa darasa la tano, na kuna ambaye kidato cha kwanza kitamkuta bado. Waweke uwanja mmoja. Aliyetangulia atawapita wenzake kwa mbio tupu, atapiga shuti ambalo kipa mdogo halifikii, na kila mtu atamshangilia. Miaka mitatu baadaye wenzake wamemfikia kimo na mbio, na yeye hajui kugeuka na mpira akiwa amebanwa, kwa sababu hakuwahi kubanwa.

Kwa hiyo tafuta kile ambacho kukua hakutakifuta. Na kingi katika hicho huonekana wakati mchezaji hana mpira.

Chagua binti mmoja umwangalie dakika tano bila kufuata mpira. Si rahisi, jicho linataka kukimbilia palipo na kelele, na mashabiki wa shule wana kelele kweli. Tazama shingo yake. Kiungo mwenye akili, pasi ikiwa bado iko njiani, ameshageuza shingo mara mbili au tatu: kushoto, kulia, nyuma ya bega. Mpira ukimfikia mwili umeshafunguka na mguso wa kwanza unaelekea penye nafasi. Asiyetazama hupokea akiwa ameligeuzia mgongo goli la wapinzani, anausimamisha mpira chini ya nyayo, halafu ndipo anaanza kuuliza dunia ikoje. Hapo beki ameshafika.

Daftarini tumia alama, sentensi zitakuchelewesha. Kila anapopokea mpira andika vitu vitatu: mkwaju mmoja kama aligeuza shingo kabla, sifuri kama hakugeuza, mshale wa kuonyesha mguso wa kwanza ulielekea wapi, na herufi ya mguu, K kwa kulia au S kwa kushoto. Mstari wa mchezaji mmoja utaonekana hivi: / ↑ K, / ↑ S, 0 ↓ K, / → K. Ukifikisha mapokezi 12 au 15 umeanza kupata picha. Chini ya matano usiandike hukumu yoyote. Ongeza safu moja ya alichofanya ndani ya sekunde tano baada ya kupoteza mpira: alikimbilia kuupora, alirudi kwenye nafasi yake, au alisimama na mikono kiunoni. Safu hiyo hufichua mengi kuliko magoli.

Sasa viwanja vyetu. Sokoine pale Mbeya na Samora pale Iringa ni tambarare, lakini vipaji vingi utavikuta kwenye viwanja vya shule vya Rungwe, Makete au Ludewa ambako goli moja liko juu na jingine bondeni. Winga anayecheza kushuka ataonekana ana injini. Subiri kipindi cha pili, timu zikibadilishana magoli, ndipo uandike neno kasi. Beki wa timu inayocheza kupanda naye usimhukumu haraka. Kila mpira unaompita unaongeza mwendo wenyewe. Tukuyu mvua ikinyesha, na hunyesha sana, pasi ya chini inakwama kwenye tope hatua tano mbele. Hapo tazama nani anagundua mapema. Mwenye akili ya mchezo, pasi ya pili ikikwama, ya tatu ataiinua kidogo ivuke dimbwi, na hakuna kocha aliyemwambia. Mwingine atapiga ile ile ya chini hadi kipyenga cha mwisho.

Mwinuko nao unadanganya. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kyela kando ya Ziwa Nyasa iko karibu mita 500. Binti aliyetoka Kyela alfajiri kwa basi, akaingizwa kwenye majaribio Mbeya saa nne asubuhi, atahema mapema kuliko wa Mbeya mjini, na hiyo haimaanishi hana pumzi. Halafu hewa ya huku ni nyepesi, pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na ya pwani, kwa hiyo mpira mrefu unaenda mbali kidogo kuliko alivyozoea. Krosi zake mbili tatu zikipita juu ya vichwa vya wote, mpe muda. Na kinyume chake: wa Makete anayeonekana hachoki nyumbani kwao, mpime pia akiwa kwenye joto la bondeni.

Majaribio yenyewe mara nyingi huharibika kwa namna moja. Wanaitwa mabinti 80, wanagawanywa 11 kwa 11, kila kundi dakika 20. Katika dakika hizo beki wa pembeni anaweza kugusa mpira mara nne, mbili zikiwa za kurusha. Utamhukumu kwa nini? Cheza 4 kwa 4, bila kipa, eneo la mita 30 kwa 20, magoli ya koni yenye upana wa mita 2. Dakika 6 za kucheza, 3 za kupumzika, wapinzani wabadilike kila mchezo, michezo mitano kwa kila mmoja. Uwanja mmoja wa kawaida unaingiza vieneo vinne bila kubanana, maana yake mabinti 32 wanacheza kwa wakati mmoja, na kila eneo liwe na mtazamaji wake. Wavae bibu zenye namba. Majina yabaki kwa mwalimu, ili usimpe alama mtu kwa sababu dada yake alikuwa nyota.

Raundi ya kwanza changanya ovyo. Raundi ya pili wapange kwa kimo na uzito, wakubwa kwa wakubwa, wadogo kwa wadogo, hata kama umri haulingani. Hapa ndipo msako hasa ulipo. Yule aliyetawala asubuhi anakutana na wa saizi yake na mbinu zinamwishia. Na kuna kadogo fulani kalikokuwa kanasukumwa pembeni, sasa ndiko kanakoita mpira na kuwapanga wenzake. Walinganishe kwa alama za daftari. Aliyebaki vile vile katika raundi zote mbili ndiye wa kurudiwa wiki ijayo.

Mbio za mita 30 zipime, ila usiziabudu. Pima umbali kwa futi ya kamba, si kwa hatua. Saa ya mkononi ina kosa la kidole la karibu sekunde 0.2, kwa hiyo usimpange wa sekunde 5.0 juu ya wa 5.1 ukadhani umefanya sayansi. Mpe kila mmoja nafasi tatu uchukue iliyo bora, na uwanja ukiwa na mteremko akimbie kupanda na kushuka, kisha ujumlishe nyakati hizo mbili ugawanye kwa mbili.

Viatu vina hila yake. Wengi wamezoea kucheza peku au na raba. Ukiwagawia njumu mpya asubuhi ya majaribio watatembea kama wamepanda juu ya mawe, na mguso wao utakuwa mbovu. Beba njumu za namba 36 hadi 39 kwa anayezitaka, asiyezitaka acheze na chake. Na chakula: Njombe mwezi wa Juni saa mbili asubuhi ni baridi ya kung'ata, na kuna aliyetembea saa moja na nusu bila kutia kitu tumboni. Uji wa moto na maandazi kabla ya kupasha misuli moto hubadilisha majina kwenye orodha yako ya mwisho. Hii si huruma tu. Mwenye njaa hupoteza umakini kwanza, mbio baadaye, na umakini ndio unaoutafuta.

Makipa wana mahali pao pa kutafutwa, nako ni kwenye uwanja wa netiboli. Wasaka vipaji wa soka hupita hapo bila kugeuka, na wanakosea. Mlinzi mzuri wa netiboli amefundishwa kuruka kwa wakati, kudaka kwa vidole na si kwa viganja, na kutoa mpira ndani ya sekunde tatu, maana sheria haimruhusu kukaa nao zaidi. Tayari ana nusu ya kazi ya kipa. Pungufu lake ni miguu: netiboli imemzoesha kukanyaga na kuganda, wakati kipa anahitaji hatua ndogo ndogo za pembeni. Hilo hufundishika. Shuti zinazopita juu ya kichwa chake usizihesabu bado. Goli halali lina kimo cha mita 2.44 na upana wa mita 7.32, na magoli ya milingoti ya shule huwa na vipimo vyake yenyewe. Pima kwanza ndipo ulaumu.

Kwa kipa, kimo cha baadaye kina maana, na kuna hesabu rahisi ya kukadiria. Jumlisha urefu wa baba na mama kwa sentimita, toa 13, gawanya kwa mbili. Baba 175 na mama 164: ni 339, ukitoa 13 ni 326, nusu yake 163. Inaweza kukosea kwa sentimita kadhaa juu au chini, lakini ni bora kuliko kumtazama binti wa miaka 12 na kusema huyu hatarefuka. Angalia pia miguu na kiwiliwili: miguu hutangulia kurefuka, kwa hiyo mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi bado ana safari. Mwenye hali hiyo huwa mzito wa kugeuka kwa miezi kadhaa, na wengine hulalamika maumivu chini kidogo ya goti. Usimkate. Mpime kimo tena baada ya miezi mitatu; akiwa ameongeza sentimita 2, uzito huo unatokana na kukua.

Magoti yatazamwe hata kwa walio wazima. Mwambie aruke kutoka kwenye boksi la sentimita 30, atue kwa miguu miwili. Magoti yakiingia ndani yakikaribia kugusana, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kukata kano iliyo katikati ya goti (ACL), jeraha linalowapata wasichana mara nyingi kuliko wavulana. Hilo halimwondoi kwenye orodha, linampatia kazi: programu ya kupasha misuli moto ya FIFA 11+, mazoezi 15 ya dakika kama 20, angalau mara mbili kwa wiki, badala ya kuzunguka uwanja tu.

Umri ni eneo la vurugu. Kipimo cha MRI, picha ya mifupa ya kifundo cha mkono inayotumika kukagua umri wa wavulana wa chini ya miaka 17, hakifai kwa wasichana, kwa kuwa mifupa yao huungana mapema. Zinabaki karatasi: cheti cha kuzaliwa cha RITA, namba ya PREM anayosajiliwa nayo mwanafunzi shule ya msingi, kadi ya kliniki kama mama ameitunza. Zikilingana zote tatu, vizuri. Cheti kikiwa kimetolewa mwezi uliopita na kadi haipo, muulize mwalimu wa darasa la kwanza. Mwaka wa kuzaliwa una uzito zaidi sasa, maana tangu 2025 Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 linachezwa kila mwaka, timu 24, Morocco ikiwa mwenyeji hadi 2029. La 2027 ni la waliozaliwa kuanzia Januari 1, 2010. Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, walipofika robo fainali India mwaka 2022, baada ya kuifunga Ufaransa 2-1, mashindano yalikuwa ya kila miaka miwili, na aliyezaliwa mwaka mbaya alikosa tu.

Ukimpata, usimfuate yeye. Namba yake ya simu huihitaji. Anza na mwalimu wa michezo, kisha nyumbani, ukiwa na matroni au mwalimu wa kike, na ukae kwanza: shikamoo baba, shikamoo mama, habari za shamba. Mzazi atauliza mambo matatu, na ni haki yake: atalala wapi, atasoma wapi, nani analipa. Kama huna jibu la lolote, rudi ukalitafute. Usiombe hata senti ya fomu. Na anayeahidi kumpeleka klabu ya Ulaya akiwa na miaka 15 anadanganya, kwa sababu kanuni za FIFA, ukiacha mazingira machache yaliyotajwa humo, haziruhusu aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine.

Kuhama shule nako kuna kalenda yake. Aliye kidato cha pili ameshasajiliwa mtihani kwenye kituo chake. Ukimng'oa Agosti umemharibia. Aache afanye mtihani wa Novemba, barua ya uhamisho ishughulikiwe Desemba, Januari aanze kidato cha tatu huko aendako akiwa na godoro, madaftari na njumu alizozizoea.