Makabati ya Mvule ya Jikoni kwa Mama

Desemba ya mwaka 2018, shule zikiwa zimefungwa, nilirudi nyumbani kwa Mama mtaani Migosi, Kisumu, nikiwa nimeazimia kuyapaka rangi upya makabati yake ya jikoni kwa mikono yangu mwenyewe. Baba aliyaagiza kwa seremala mmoja wa soko la Kibuye nilipokuwa ningali katika shule ya msingi, enzi ambazo mbao za mvule hazikuwa adimu kama zilivyo leo, akalipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi mpaka deni likaisha. Tangu hapo yalikuwa yamekaa juu ya jiko la mafuta ya taa, na baadaye juu ya jiko la gesi, yakipokea masizi, unyevu wa ziwa na mvuke wa mafuta ya kukaangia samaki wa ngege. Rangi yake ya kijani ilikuwa imefifia na kuchunika pembeni, na milango iliyokuwa karibu na jiko ilinata mtu alipoigusa.

Mdogo wangu anayefanya kazi Nairobi alipendekeza yang'olewe, mahali pake pawekwe makabati mapya ya zile mbao za vumbi lililogandishwa kwa gundi. Fundi aliyekuja kupima alitaja bei iliyopita shilingi laki moja. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwandalia chai, na alipokwisha kuondoka akaniambia, "Baba yenu alizichagua hizi mbao moja baada ya nyingine. Bawaba zimechoka na rangi imechoka, lakini mbao hazijachoka." Nilichukua kisu nikazidunga kwa ncha chini ya sinki, mahali ambapo maji yalikuwa yakivuja kwa muda mrefu, nikakuta ugumu uleule wa siku zote, bila tundu la mdudu wala ulaini wa kuoza. Mbao za vumbi zingalikuwa zimekwisha kufura na kumeguka pale. Kwangu mimi shauri lilikatika papo hapo, na ninaamini hata sasa kwamba kuzing'oa mbao kama zile ili kuokoa jasho la wiki chache kungekuwa ni kumdhulumu aliyezinunua.

Jirani yetu, mzee aliyestaafu baada ya kupaka rangi nyumba za watu kwa miaka mingi, ndiye niliyemwendea. Nilimpelekea sukari na majani ya chai, kwa maana si adabu kwetu kwenda kuomba ujuzi wa mtu mikono mitupu. Alikuja jikoni, akapitisha kidole juu ya mlango mmoja, akakinusa. "Mwalimu," akasema, "usiniulize rangi kwanza. Rangi ni kazi ya mwisho. Kazi yako sasa ni haya mafuta." Akanieleza kwamba rangi haishiki juu ya mafuta hata ikiwa ya bei ghali kiasi gani, hukauka juu yake kama ngozi, na siku moja ukucha unaipenyeza na kuibandua.

Kwa hiyo tulianza kwa kufungua. Nilitoa milango yote kwa bisibisi, nikaandika namba kwa penseli mahali ambapo bawaba ingekuja kufunika, na namba hiyohiyo ndani ya fremu, kwa kuwa milango iliyotengenezwa kwa mkono haifanani hata kama inaonekana sawa, na kila mmoja unaingia mahali pake tu. Skrubu za kila mlango nilizitia katika mfuko wake.

Dawa ya mafuta ilikuwa magadi, yaleyale ambayo Mama huyatia katika mrenda ili ulainike. Mzee alisema alikuwa akiyatumia hata pale ambapo wenye nyumba walimpa pesa za sabuni maalumu. Ni jambo lenye sababu yake: magadi ni alkali, na alkali ikikutana na mafuta katika maji ya moto huyageuza kuwa kitu cha namna ya sabuni, nacho huondoka na maji. Niliyachemsha kwenye sufuria kuukuu, nikavaa glavu za mpira, nikasugua milango nje chini ya mwembe kwa brashi ya kufulia. Maji yaliyotiririka yalikuwa na rangi ya chai nzito. Kisha ikaja sehemu ambayo mzee aliisisitiza kuliko kusugua kwenyewe, nayo ni kusuuza kwa maji safi tena na tena, kwa sababu magadi yakibaki ndani ya ubao yataila rangi mpya kama yalivyoyala mafuta. Alinifundisha nipitishe kitambaa chenye siki kidogo mwishoni, halafu nisuuze tena na kuacha mbao zikauke kabisa kivulini, kwani jua kali la adhuhuri lingeweza kuzipinda.

Kupiga msasa kulinichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote. Mtoto wa dada yangu, aliyekuwa anatambaa, alikuwa akiishi na Mama wakati huo, na hilo ndilo lililoamua namna ya kufanya kazi. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake likiingia mdomoni mwa mtoto huathiri ubongo wake unaokua. Hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Sikuwa na njia ya kuipima ile rangi ya kijani, hivyo niliichukulia kuwa ya hatari. Nilitumia msasa wa maji, namba 120 kisha namba 240, nikiulowesha katika ndoo ili vumbi ligeuke kuwa tope, nikatandika karatasi ya nailoni chini, na jioni nikaikunja pamoja na tope lake. Fremu zilizobaki ukutani nazo nilizisugua hivyohivyo, zikiwa zimeloweshwa, mtoto akiwa amepelekwa kwa jirani. Lengo halikuwa kuvua rangi yote. Palipochunika nilisawazisha kingo mpaka kidole hakihisi ngazi, na penginepo niliondoa ule mng'aro tu ili rangi mpya ipate pa kushika.

Mbao zilipokauka, mvule ulijitokeza pale ambapo rangi ilikuwa imekwisha, wa kahawia yenye dhahabu, nami nilitamani kuuacha wazi. Mama hakutaka. Jiko lake lina dirisha dogo, naye alitaka mwanga.

Hapo mzee akaniletea jambo ambalo nisingelijua peke yangu. Mvule una mafuta na utomvu wake wenyewe, ambao hupanda kupitia rangi nyepesi na kuacha madoa ya manjano, tena huweza kuchelewesha rangi kukauka. Kinachouzuia ni shelaki, utomvu wa wadudu wa India ambao maseremala wa Kibuye huutumia kung'arishia samani. Huuzwa ukiwa vipande vyembamba vya rangi ya chungwa. Niliviloweka usiku kucha katika chupa ya spiriti, nikiitikisa kila nilipopita, na asubuhi nikapaka tabaka jembamba kila mahali mbao zilipokuwa wazi. Shelaki ilikauka haraka sana, na juu yake ndipo nilipotia andakoti nyeupe, yaani rangi ya chini inayotangulia ile ya juu.

Katika kuchagua rangi ya juu tulizungumza sana na Mama. Yeye alitaka nyeupe kabisa. Nilimweleza kwamba rangi ya mafuta, ile ngumu inayostahimili kufutwa kila siku, hugeuka manjano taratibu mahali pasipofikiwa na mwanga, na ndani ya makabati ni giza. Akakubali rangi ya krimu, ambayo juu yake mabadiliko hayo hayaonekani sana. Dukani kijana aliyeniuzia alinifungia pia chupa ya thina ya kuzimulia rangi, lakini mzee alikuwa amekwisha kunionya niirudishe na kuchukua tapentaini, kwa kuwa thina kali huweza kuiamsha rangi ya zamani iliyo chini na kuikunja yote.

Kisumu huamua saa za kupaka rangi kuliko mpakaji. Mara nyingi mvua hunyesha alasiri na jioni, upepo wa ziwani unapokutana na ule unaotoka upande wa milima ya Nandi, na baada ya mvua hewa hubeba unyevu unaochelewesha rangi. Jioni pia kuna wale wadudu wadogo wa ziwani, ambao huibuka kwa wingi karibu na mwezi mwandamo na kuifuata taa yoyote iliyowashwa. Nilipaka asubuhi tu, umande ulipokwisha kukauka, milango ikiwa imelazwa juu ya mabanzi ili rangi isichuruzike, na ilipofika saa nane nikaiingiza katika chumba cha mbele. Usiku taa ya chumba hicho haikuwashwa. Tuliketi jikoni, ambako Mama alikuwa amefungua dirisha, na chakula kikapikwa nje kwa jiko la mkaa kwa sababu mvuke wa tapentaini hushika moto.

Nilipaka matabaka mawili membamba, brashi ikifuata uelekeo wa nyuzi za mbao, na kati yake nikapitisha msasa laini kidogo. Tabaka nene hukauka juu na kubaki bichi chini, kwa kuwa rangi ya mafuta haikauki kwa tapentaini kuyeyukia hewani tu. Huendelea kuwa ngumu kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na kazi hiyo ni ya wiki kadhaa. Ndiyo maana, baada ya kufunga milango kwa bawaba mpya na vipini vyake vya shaba, ambavyo Mama alikuwa amevisugua kwa ndimu na majivu, tuliiacha wazi usiku na mchana, na vyombo vikabaki katika makarai juu ya meza.

Gharama yote, pamoja na bawaba, haikufika shilingi elfu sita. Mdogo wangu alipokuja kwa Krismasi alifungua mlango mmoja na kuufunga, akafungua mwingine, akauliza nimemlipa fundi gani. Mama alimjibu kabla yangu: "Fundi ni dada yako. Na wewe chukua brashi, bado mlango wa stoo." Rangi iliyobaki ilitosha mlango ule pande zote mbili, naye aliupaka mwenyewe asubuhi iliyofuata, mzee akiwa ameketi kando na kikombe chake cha chai, akimwelekeza.