Kisima cha wake wenza: nilivyojenga dunia ya mchezo wangu kutokana na Pujini

Kila anayetaka kuendesha mchezo wa Dungeons & Dragons huambiwa aanzie juu kabisa: nani aliumba dunia, miungu iko mingapi, nani mtoto wa nani, mataifa ya kale yalianguka kwa vita gani. Nami niliambiwa hivyo hivyo, tena na watu walioanza kucheza zamani kabla yangu. Naandika haya kwa sababu ushauri huo uliniudhi, na bado unawapotezea watu muda na hamu. Dunia tunayoichezea ukumbini kwangu hapa Chake Chake ilianza kusimama nilipoacha kutazama mbinguni nikatazama chini, ndani ya kisima.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Msimulizi anaeleza mahali na hatari iliyopo. Kila mchezaji ana mhusika wake na anasema mhusika huyo atafanya nini. Jambo likiwa na shaka linaamuliwa kwa dado la pande 20: unarusha, unajumlisha uwezo wa mhusika, ukifikia namba iliyowekwa umefaulu. Kanuni za msingi zimetolewa kwa leseni huria tangu mwaka 2023, kwa hiyo mtu asikutishe kwamba lazima ununue vitabu kwanza. Sisi hata dado hatukununua. Tulichukua komwe 20 za bao, tukaziandika namba kwa rangi ya kucha, tukazitia ndani ya kipochi cha ukili. Unachopoa moja, unaisoma, unairudisha, unatikisa. Kuirudisha ni lazima, maana kila namba inatakiwa ibaki na nafasi ile ile, moja katika ishirini, yaani asilimia 5. Komwe ikiachwa nje, mwenye akili ya karata ataanza kuhesabu zilizobaki, na kwetu wenye akili ya karata hawakosekani. Gharama ilikuwa kichupa cha rangi, elfu moja na kitu, mbili haifiki.

Basi, miungu. Nilifuata ushauri neno kwa neno. Nikaandika kumi na miwili: wa bahari, wa radi, wa mauti, wa mavuno na wengineo, kila mmoja na alama yake na ugomvi wake na nduguye. Chini yao nikaweka falme za kale zilizopigana mpaka zikamalizana. Daftari zima lilijaa. Usiku wa kwanza nikawasomea wenzangu. Shemeji akasinzia huku ameegemea mto. Jirani yangu, mvuvi wa Wesha, akatoka kwenda kuzungumza na simu. Binti wa shangazi yangu ndiye pekee aliyesikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kaka, sasa huyu wa radi ananitaka nini mimi?"

Katika kurasa zote zile hapakuwa na jibu. Walipigana wenyewe kwa wenyewe, wakaumba, wakaharibu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na haja na mtu aliyekaa pale kwenye mkeka. Ndiyo kasoro ya ushauri ule: unakufundisha kuandika nasaba, na mchezaji anataka shughuli.

Zito zaidi lilikuja kwa ami yangu. Alikuwa akipita kwenda kuswali Isha, akasikia habari za miungu zinatajwa dirishani, na aliporudi akaniita pembeni.

"Mwanangu, humo ndani mnaabudu nini?"

"Hatuabudu kitu, ami. Ni hadithi."

"Hadithi za majini nimekuhadithia mimi mwenyewe. Katika hizo, umepata kusikia mtu anamsujudia jini, halafu mambo yake yakamnyookea?"

Sikupata kusikia. Wapo watakaosema mzee haelewi mchezo, apuuzwe. Mimi nasema ami alinipa kanuni bora kuliko zote nilizosoma. Katika kanuni za kawaida za mchezo, kuhani hupata nguvu zake kwa mungu wake, na mara nyingi mungu huyo hadai chochote cha maana. Katika hadithi zetu, mwenye nguvu ni kiumbe kama viumbe wengine. Anaishi miaka mingi, anakosea, anadanganywa, anakufa. Hasujudiwi. Anafanyiwa ahadi, na ahadi ina masharti. Nikafuta miungu yote kumi na miwili, na kila mwenye nguvu aliyeingia baada ya hapo alipewa mistari mitatu tu: anataka nini, mwiko wake nini, analipa nini. Wachezaji wangu hawakuhitaji maelezo zaidi, kwa sababu hakuna mtoto wa Pemba asiyejua uzito wa mwiko.

Sasa Pujini. Aliyesoma skuli hapa ameshapelekwa au ameshasimuliwa. Ni magofu yaliyozungukwa na boma la udongo, kusini mashariki ya Chake Chake, na wanaakiolojia wanayaweka katika karne ya 15. Mtawala wake, Mkama Ndume, anasimuliwa kuwa mkatili kiasi cha kuwabebesha watu mawe huku wakijiburuta kwa makalio. Chini ya ardhi kipo chumba ambacho ukutani mwake imechorwa siwa kwa chokaa, baragumu la wafalme wa pwani. Na kipo kisima. Inasemekana Mkama Ndume alikuwa na wake wawili na hakutaka wakutane, basi akajenga ukuta ukakigawa kisima kati. Mke mmoja alishuka kwa ngazi akachota kwa mkono. Mwengine alibaki juu akateka kwa ndoo na kamba.

Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo tangu utotoni na sikuwahi kuiona kama mali. Nilipoirudia nikiwa na ile mistari mitatu mkononi, nikaona dunia nzima imo humo: mfalme wa kale, taifa lililoanguka, na wenye nguvu wawili wasioonana.

Nikawafanya wake wale kuwa Bi Ngazi na Bi Kamba. Ufalme umekufa, mume amekufa, wao bado wamo kisimani, kila mmoja upande wake. Bi Ngazi anajua kila kilichoshuka: waliozama, waliozikwa, vilivyofichwa. Anataka ashukiwe, mtu aende kwake kwa miguu yake. Mwiko wake ni kupanda bila kumuaga. Bi Kamba anajua kila kilichotolewa: maji, siri, watoto waliokwenda na hawakurudi. Anataka avutiwe juu kitu kila anapotembelewa. Mwiko wake ni kukata kilichofungwa. Siwa ya ufalme anayo Bi Ngazi. Mlio wake, ule unaoliita taifa la kale litoke baharini, anaujua Bi Kamba peke yake. Na kila mmoja anaamini kwa moyo wote kwamba mwenzake ndiye aliyeuangusha ufalme.

Usiku ule niliwagawa wachezaji. Shemeji na mwalimu mmoja wa skuli niliwaweka chumbani, hao wameshuka kwa ngazi. Binti wa shangazi na mvuvi walibaki ukumbini, hao wako juu na kamba. Kati yao pazia. Mimi nilisimama mlangoni, uso huku nikiwa Bi Ngazi, uso kule nikiwa Bi Kamba. Sheria ilikuwa moja: sauti inapita, lakini anachosema mtu wa upande wa pili kinasikiwa pia na bibi wa upande huo. Kwa hiyo hawakuweza kupanga njama kwa maneno.

Bi Ngazi akawaeleza wageni wake jinsi mke mdogo alivyoiba mlio na kuufundisha maadui. Bi Kamba akawaeleza wake jinsi mke mkubwa alivyoificha siwa siku ya vita, walinzi wakakosa kuitwa. Kisa kimoja, vita vimoja, kila neno la mmoja linakanusha la mwenzake. Nilisikia shemeji akigonga mbao za kitanda mara tatu, akijaribu kutoa ishara. Mvuvi akagonga sakafu kumjibu. Hakuna aliyeelewa mwenzake anasema nini, na jasho lilikuwa likiwatoka kweli.

Hapo binti wa shangazi akanyamaza kidogo, akauliza: "Kaka, huu ukuta unaishia wapi? Unafika mpaka chini kabisa, au unaishia ndani ya maji?"

Sikuwa nimeliandika hilo. Nikamwambia achopoe. Akatoa 17, nami nikasema: unaishia ndani ya maji, chini yake pako wazi kiasi cha kupita mkono. Akamshusha mhusika wa mvuvi kwa kamba. Akachukua kifuu, ndani yake akatia mkufu aliokuwa amekwishapewa na Bi Kamba kama malipo, akakifunika kwa jani la mgomba, akakifunga jiwe kizame, mwenzake akakisukuma kwa mguu chini ya ukuta. Upande wa chumbani nikawaambia: kuna kitu kinawagusa miguuni. Mwalimu akakitoa majini. Bi Ngazi akautambua mkufu, kwa sababu ndio aliokuwa akidhani umezama na mwanawe.

Ukumbi ulilipuka. Walikuwa wamemfikishia mke mmoja kitu cha mwenzake kwa mara ya kwanza tangu ufalme uanguke, bila kuvunja mwiko wa yeyote. Hakuna upanga uliochomolewa usiku ule, na kelele zetu zilimwamsha jirani. Ningekuwa bado na daftari la miungu kumi na miwili nisingelipata hili katika maisha yangu.

Kuhusu mataifa ya kale niseme kwa ufupi. Pwani hii imejaa, usiende kukopa mbali. Msafiri al-Masudi alifika katika kisiwa cha Qanbalu mwaka 916, na wapo wataalamu wanaokiweka hapa hapa Pemba, Ras Mkumbuu. Wazee nao wanawataja Wadebuli, watu waliojenga kabla na wakaondoka. Mimi sikuandika historia ya taifa langu. Niliandika kwamba mji wake umezama, na unaonekana kwenye bamvua tu, maji yanapokupwa mpaka mwisho. Bamvua huja mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na tofauti ya kujaa na kupwa huku kwetu hufika kama mita 4, kwa hiyo mwanya ni saa chache kisha bahari inarudi. Tunatumia kalenda ya mwezi iliyotundikwa ukutani. Wachezaji wenyewe wanaulizana leo tarehe ngapi, na mvuvi ndiye anayewakemea wakipanga safari ya mji uliozama katika maji mafu. Waliyoyajua ya taifa hilo wameyapata kwa kuokota: nanga ya jiwe, kibla cha matumbawe kilichoelekea siko, shanga.

Mazimwi pia yana ushauri wake mbaya: wanakupa orodha ndefu ya majina na alama za uhai. Zimwi moja linalokua linatosha kwa miezi. Nilimchukua Nunda. Katika hadithi ni paka wa sultani: anakula kuku, anakula mbuzi, na kila akishitakiwa sultani anasema paka ni wake na mali ni yake, mpaka anakula watu. Kwenye mchezo nikafanya hivi: kila mara watawala wa mji wanapomsamehe kwa sababu yoyote, anaongezwa nguvu. Wachezaji walipambana naye mara ya kwanza akiwa na ukubwa wa ngawa, wakaona taabu ya nini, wakaenda zao. Walipokutana naye tena milango ya msikiti haikumtosha. Hasira yao ilikwenda kwa watawala kuliko kwa zimwi, na hivyo ndivyo nilivyotaka.

Popobawa, lile zimwi linalosemwa huwavamia watu usiku majumbani, nilikataa. Shemeji aliniomba sana, anasema ndilo zimwi letu linalojulikana duniani. Lakini mwaka 1995 hofu ile ilianza hapa Pemba ikavuka mpaka Unguja, watu walilala nje kwa makundi wakiota moto, na wengine walipigwa kwa kudhaniwa ndio. Walioyapitia bado wamo majumbani mwetu, wanasikia tunachosema dirishani. Zimwi la mchezo liwe lile ambalo bibi akilisikia atakaa kitako akuhadithie zaidi. Likiwa la kumfanya afunge madirisha, liache.

Walioko Unguja wananiuliza waanzie wapi, wao hawana Pujini. Mnayo Dunga, kwenye jumba la Mwinyi Mkuu, mtawala wa kale wa Unguja. Alikuwa na ngoma zake na siwa yake, na inasimuliwa kwamba ngoma zile zilikuwa zikilia zenyewe msiba unapokaribia. Msianze kwa kueleza nani alizichonga. Anzeni usiku zinapolia, halafu mumuulize mchezaji wa kwanza: umezisikia, unakwenda au huendi? Mimi nimeshaitia Dunga kwenye daftari. Siwa na mlio tumekwishavipata vyote viwili, Bi Kamba amekubali kuvutwa juu, na bamvua ijayo wachezaji wangu wanavuka mkondo wa Nungwi.